Bunduki ya Kulinda Shamba: Ipi Inafaa kwa Fedha Kidogo?

Na Bwana Shamba

Mahindi yakianza kubeba, nguruwe mwitu huwa amekwisha jua. Huja usiku. Huja na wenzake. Kundi moja likiingia shambani, mkulima huamkia mabua yaliyolala. Muhogo umefukuliwa. Mpunga umekanyagwa. Kazi ya miezi minne imekwisha kabla jogoo hajawika.

Ndiyo maana wakulima wengi wa Pwani na wa kusini hujenga dungu. Dungu ni kibanda cha kulindia shamba. Baba hulala humo. Mara nyingine mama na watoto hulala humo pia. Lakini dungu nalo lina hatari yake. Mwaka 2005 watafiti wa simba walitoa hesabu ya kusikitisha. Walisema kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 katika Tanzania. Mikoa ya kusini na pwani ndiyo iliyoumia zaidi. Watu wengi walishambuliwa katika miezi ya mavuno, Machi hadi Mei. Baadhi yao walikuwa wamelala shambani wakilinda mazao. Nguruwe hufuata mahindi, na simba humfuata nguruwe.

Kwa hiyo mkulima anayetaka bunduki hatafuti sifa. Anatafuta chakula cha watoto wake. Makala hii inamsaidia mkulima wa namna hiyo, mwenye fedha kidogo, kuchagua vizuri.

MAZUNGUMZO YA MNAZI MMOJA

Siku moja niliwakuta wakulima wanne katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Walikuwa wametoka katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Pwani. Walikaa chini ya mti wakipumzika. Asubuhi walikuwa wamenunua mbegu na dawa za mimea Kariakoo. Fedha iliyobaki ilikuwa ya mchango. Walitaka kununua bunduki.

Nilimwamkia mkubwa wao. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Shamba. Umefika wakati mzuri. Tuambie, tununue bunduki ya namna gani?"

"Mzee, kibali mnacho?"

"Kibali tutatafuta tukishapata bunduki. Kuna kijana hapa Kariakoo ametuambia atatuletea moja jioni hii. Bei yake ni nafuu."

"Mzee wangu," nikamwambia, "hapo mtapoteza fedha, halafu mtapoteza na uhuru wenu. Bunduki isiyo na karatasi ni kosa kubwa. Anayeiuza ana kosa. Anayeinunua ana kosa."

Mama mmoja aliyekuwa pamoja nao alikuwa kimya. Sasa alisema: "Bwana Shamba, mimi nina swali jingine. Dungu langu linatazamana na dungu la huyu mzee. Katikati ni mahindi. Nguruwe akipita katikati, na mzee akapiga, mimi nitakuwa wapi?"

Wenzake wote walinyamaza.

Ndugu msomaji, swali la mama huyo ni kubwa kuliko swali la bei. Watu wengi wanapochagua bunduki huuliza: itapiga mara ngapi? Mkulima afadhali aulize: nitajuaje kwamba haina risasi? Na risasi yake ikimkosa nguruwe, itakwenda wapi? Tukiyajibu maswali hayo mawili, kuchagua kunakuwa rahisi.

KARATASI KWANZA, BUNDUKI BAADAYE

Silaha za raia katika Tanzania Bara zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Anayetaka bunduki huanza nyumbani kwake. Hupeleka maombi kwa serikali ya kijiji au ya mtaa. Maombi hujadiliwa, kisha hupanda hadi kata na polisi wa wilaya. Ngazi za juu nazo huyatazama. Njia hiyo ni ndefu, lakini ina maana yake. Jirani zako wanakujua. Wanajua kama una hasira. Wanajua kama unalewa.

Kumbuka mambo matatu.

Kwanza, leseni ina jina la mtu. Jembe huazimwa, bunduki haiazimwi. Kama mnataka kuchanga kikundi kizima, nendeni polisi kabla hamjakusanya hata shilingi moja. Ulizeni ni nani ataandikwa, na nani ataruhusiwa kuishika.

Pili, leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Hizo ni karatasi mbili mbalimbali. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukitaka kuwinda paa au nguruwe kwa ajili ya kitoweo, muone kwanza Afisa Wanyamapori wa wilaya.

Tatu, mnyama akiuawa kwa kulinda maisha au mali, toa taarifa mara moja. Mnyama huyo ni mali ya Serikali. Usimchune. Usigawe nyama.

Na gobori je? Gobori ni bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Magobori mengi yametengenezwa kienyeji bila kibali chochote. Mtutu wake unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Mwaka 2022, na tena mwaka 2023, Serikali iliwataka wananchi kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na kibali. Kama babu ameacha gobori darini, usilipige wala usiliuze. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi ukaulize namna ya kulisalimisha.

BUNDUKI YA MARISAU NI NINI?

Ukitoka Mnazi Mmoja ukaenda katikati ya mji, utafika Mtaa wa Samora. Hapo ipo Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari yule ameshika bunduki yenye singe. Bunduki ya namna ile huitwa raifo. Hutoa risasi moja kwa nguvu nyingi. Risasi hiyo ikikosa shabaha inaweza kusafiri kilomita kadhaa. Inaweza kuvuka kijiji chako na kufika kijiji cha pili.

Bunduki ya marisau ni tofauti. Wengi huiita shotigani. Ganda lake moja lina punje nyingi za risasi. Punje hizo ndizo marisau. Zikitoka katika mtutu hutawanyika. Nguvu yake hupungua upesi. Kwa shamba lililo karibu na watu, hiyo ni faida.

Hata nchi nyingine zimeliona jambo hili. Huko Marekani watu wengi huwinda wanyama wanaofanana na paa. Baadhi ya majimbo yenye watu wengi yaliamuru kwa miaka mingi kwamba wawindaji wake watumie bunduki ya marisau, wasitumie raifo. Sababu ni ile ile ya mama wa Mnazi Mmoja: majirani.

Lakini usidanganyike. Marisau makubwa yanaweza kuumiza mtu aliye mbali, hata mamia ya mita. Yana hatari ndogo kuliko raifo, lakini hatari bado ipo.

Utasikia pia watu wakisema "namba 12". Hiki ni kipimo cha upana wa mtutu. Zamani walichukua ratili moja ya madini ya risasi. Waliigawa katika vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawa. Kidonge kimoja kinachoingia katika mtutu ndicho kiliupa namba yake. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, kwa sababu ratili ile ile imegawanywa mara 20. Kwa mkulima, namba 12 ndiyo nzuri. Risasi zake ndizo zinazopatikana kwa wingi.

MITAMBO MINNE

Bunduki za marisau hutofautiana kwa mtambo. Mtambo ni sehemu inayopokea risasi, kuipiga, na kutoa ganda tupu. Tuitazame minne.

1. Ya kukunja, mtutu mmoja. Bunduki hii hukunjika katikati kama bawaba ya mlango. Ukiifungua unaona tundu la mtutu. Unatia risasi moja, unafunga, unapiga. Vyuma vyake ni vichache. Matope na vumbi haviisumbui sana. Ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Nyingi zilizouzwa duniani kwa bei nafuu zilitengenezwa katika mji wa Izhevsk, Urusi, zikiwa na jina la Baikal.

Ubaya wake ni huu. Ina risasi moja tu. Tena ni nyepesi, kwa hiyo hupiga bega kwa nguvu. Baadhi zina kinyundo cha nje ambacho huvutwa kwa kidole gumba. Kidole kikiteleza, bunduki inaweza kulia. Lazima ujifunze kuirudisha nyundo taratibu, mtutu ukiwa umeelekea mahali salama.

2. Ya kukunja, mitutu miwili. Hii ni ndugu wa ile ya kwanza. Mitutu yaweza kuwa ubavuni au mmoja juu ya mwingine. Nayo hufunguka ukaona ndani. Una nafasi ya kupiga mara ya pili. Ni nzuri sana, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Ikiwa imechakaa, kuitengeneza ni kazi ya fundi hodari.

3. Ya pampu. Hii ina mtutu mmoja, na chini yake kuna bomba la kuwekea risasi. Mkono wa mbele huvuta nyuma na kusukuma mbele. Ganda tupu hutoka na risasi mpya huingia. Ni imara. Hata mafundi wengi wanaifahamu. Lakini risasi zake zimejificha ndani ya bomba. Mtu hutoa moja akadhani amemaliza, kumbe nyingine ipo. Usiku, mtu akiwa na usingizi, kosa hilo huua.

4. Inayojijaza yenyewe. Ukipiga, bunduki yenyewe hutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ni ya gharama. Inataka kusafishwa mara kwa mara. Risasi dhaifu huikwamisha. Tena sheria za uwindaji zimeweka mipaka kwa silaha za namna hii. Mkulima hana haja nayo.

IPI NICHAGUE?

Kwa mkulima mwenye fedha kidogo, chagua ya kwanza: ya kukunja, mtutu mmoja, namba 12.

Sababu ya kwanza ni bei. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi. Ukiikunja, kila mtu anaona kama ina risasi au haina. Mkeo anaona. Jirani anaona. Polisi anaona. Mtu akitembea nayo imekunjwa begani, haiwezi kulia hata akianguka.

Sababu ya tatu ni kwamba risasi moja humfundisha mtu subira. Mwenye risasi tano hupiga kwanza, hutazama baadaye. Mwenye risasi moja hutazama kwanza.

Mzee wa Mnazi Mmoja aliniuliza: "Na nikimkosa?" Nilimjibu: "Mzee, ukimkosa, mlio umekwisha mfukuza. Mahindi yamepona. Hiyo ndiyo kazi uliyotaka."

Kama fedha inatosha na unapata ya mitutu miwili iliyo nzima, nunua. Lakini usichukue mkopo kwa ajili ya mtutu wa pili.

GAWA FEDHA YAKO

Kosa la wanunuzi wengi ni kumaliza fedha yote kwenye bunduki. Halafu hawana risasi, hawana sanduku, hawana mafunzo. Igawe fedha yako katika mafungu 10, namna hii:

Mafungu 6 ni ya bunduki.
Fungu 1 ni la leseni, safari na mafunzo.
Mafungu 2 ni ya risasi, pamoja na za kujifunzia.
Fungu 1 ni la sanduku la chuma lenye kufuli, mafuta na kifaa cha kusafishia.

Ikiwa mafungu 6 hayatoshi kununua bunduki unayoitaka, bunduki hiyo si ya kipimo chako. Tafuta ya bei ndogo zaidi au ngoja msimu ujao.

UKINUNUA ILIYOTUMIKA

Bunduki iliyotumika hupunguza gharama. Lakini itazame kama unavyotazama ng'ombe wa kulimia. Nenda na mtu anayejua. Fanya haya:

Soma namba iliyochorwa kwenye chuma. Lazima ilingane na namba iliyo kwenye karatasi.

Ifungue. Hakikisha haina risasi. Kisha tazama ndani ya mtutu kwa mwanga. Uwe laini na wenye kung'aa. Ukiona vishimo vya kutu, au mahali palipovimba au kubonyea, iache.

Ifunge. Shika kitako na uitikise karibu na sikio. Ikilia kama debe lenye mawe, imechakaa.

Tazama mti wa kitako, hasa pale pembamba pa kushikia. Ufa wa hapo huwa mkubwa kila unapopiga.

Tazama kipimo cha chemba, yaani pale risasi inapokaa. Kwa kawaida huandikwa 70 au 76. Hizo ni milimita. Kamwe usitie risasi ya 76 katika bunduki ya 70. Inaweza kuingia, lakini ikipigwa hukosa nafasi ya kufunguka na kuharibu mtutu.

RISASI ZAKO

Kuna marisau madogo kama ulezi. Hayo ni ya ndege. Ukimpiga nguruwe kwa hayo utamjeruhi tu. Nguruwe aliyejeruhiwa ni adui mbaya. Kuna marisau makubwa yanayoitwa SG. Kila punje ni kama njegere, na ganda moja la kawaida huwa na punje 9 hivi. Hayo ndiyo ya nguruwe, na kwa karibu tu. Zaidi ya hatua 35 usijaribu. Punje zimetawanyika, na hujui ni ngapi zitampata.

Usichanganye risasi za namba 12 na namba 20. Risasi ya 20 huteleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele. Mtu huona chemba tupu, akatia ya 12 nyuma yake. Akipiga, mtutu hupasuka. Ndiyo maana viwanda vingi hutengeneza maganda ya namba 20 kwa rangi ya njano. Ukiona ganda la njano, simama, soma namba yake.

Weka risasi mahali pakavu, mbali na moto, na mbali na bunduki. Zilizovimba au zilizoota kutu zipeleke polisi.

KANUNI TANO ZA SHAMBANI

Moja: Usipige kelele. Yaani usiipige sauti unayoisikia kwenye majani. Majani hutikiswa na nguruwe. Hutikiswa pia na mtoto aliyetoka kujisaidia.

Mbili: Usiku tumia debe, ngoma na tochi. Sheria inakataza kuwinda usiku. Na macho yako pia yanakukataza.

Tatu: Kabla ya msimu, chora madungu yote kwenye karatasi, pamoja na njia za watu. Kila upande wenye dungu ni upande ambao bunduki haielekei.

Nne: Kidole hakigusi kifyatulio mpaka umemwona mnyama mzima, na umeona kilicho nyuma yake.

Tano: Ukifika nyumbani, fungua, toa risasi, futa mafuta, funga sandukuni. Ufunguo ukae na mwenye leseni.

BUNDUKI PEKE YAKE HAITOSHI

Kama Bwana Shamba nasema wazi: bunduki ni msaada mdogo. Shamba moja lililo peke yake porini haliwezi kulindwa hata kwa bunduki kumi. Limeni mashamba yenu bega kwa bega, ili ulinzi uwe wa zamu. Fyekeni kichaka kinachozunguka shamba, kwa sababu nguruwe haipendi nafasi iliyo wazi. Chimbeni handaki au wekeni uzio wa miiba upande anaopita. Vuneni mara mazao yanapokomaa. Dungu liwe la juu na imara, na mlango wake ufungwe. Na simba, tembo au kiboko akionekana, msimfuate ninyi. Mwiteni Afisa Wanyamapori wa wilaya.

Mkulima aliyefanya hayo yote anaweza kuona kwamba bunduki haihitaji tena. Huyo amepata bunduki ya bei ndogo kuliko zote.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chenu, ni madungu mangapi yanayotazamana? Chorani ramani yake ubaoni.

2. Kwa nini bunduki ya kukunja ni salama kuliko bunduki ya pampu kwa mtu anayejifunza?

3. Una fedha ya mafungu 10. Bunduki unayoitaka inataka mafungu 9. Utafanya nini?

4. Mtu anakuja kijijini na bunduki ya bei nafuu isiyo na karatasi. Mtamwambia nini, na mtamwarifu nani?

5. Ni kazi gani tatu mnazoweza kufanya pamoja kabla ya mahindi kubeba, ili nguruwe wasiingie shambani?